Ada ya Chuo Kikuu cha Igogo

Jumbe Salehe alikwenda mnadani kutafuta suruali. Ulikuwa mwaka 1961, uhuru umeshatangazwa kuwa Desemba, na Wazungu wa Mwanza walikuwa wakifunga virago mmoja mmoja. Kila aliyeondoka aliuza vitu vyake palepale barazani kwake: vitanda, mabirika, vyungu vya maua, na suruali za kitambaa kizuri ambacho madukani hukipati. Kwa bahati mbaya Mzungu wa siku ile alikuwa mnene, na Jumbe alikuwa mwembamba wa kupita penye upenyo.

Chini ya zile suruali alikuta joho jeusi lenye ukanda mwekundu shingoni, na ndani ya joho kitabu chembamba: kanuni za chuo kikuu kimoja cha huko Uingereza kwa wanafunzi wa digrii za juu. Akavinunua vyote viwili kwa bei ya soksi.

Kiingereza alikijua, maana aliwahi kuwa karani bandarini kabla mkubwa wake hajaanza kufungua makabati bila kubisha hodi. Akaketi juu ya jiwe pale Igogo, miguu inaelekea ziwani, akasoma. Alichokisoma kilimtoa jasho. Mwanafunzi hulipa ili aingie. Akishaingia hujiandikisha upya kila muhula, kwa malipo, la sivyo huhesabiwa kuwa amejiondoa. Akitaka kupumzika huomba ruhusa ya kupumzika, na ruhusa nayo ina ada. Alama zikishuka hadhi yake hushuka, huwekwa chini ya uangalizi; zikizidi kushuka hufukuzwa; na aliyefukuzwa anakaribishwa kuomba arudishwe, kwa ada.

Jumbe alikifunga kitabu akakitazama kwa heshima kubwa. Katika maisha yake alishauza hisa za mgodi usiokuwepo na dawa ya kuotesha nywele, na kila mara ilimbidi akimbie. Kumbe wapo watu wanaofanya kazi ileile, wamejengewa majumba, na polisi anawapigia saluti!

Wiki ile ile akapanga chumba ghorofani, juu ya duka la mshonaji, akatundika kibao: CHUO KIKUU CHA IGOGO, DIGRII ZA JUU TU. Hakuhitaji kupiga mbiu. Mji mzima ulikuwa ukinong'ona kwamba Wazungu wakishaondoka viti vyao watapewa wenye digrii, na waliosadiki zaidi walikuwa wale wenye ng'ombe wengi na shule kidogo.

Wa kwanza kupanda ngazi alikuwa Mzee Ndalahwa wa Buhongwa, mkulima wa pamba, mwenye zizi lililojaa na hamu moja tu duniani: kuwa mwenyekiti wa chama cha wakulima wa kwao kabla Maige wa Nyakato hajawa. Ndalahwa angeweza kumzaa Jumbe. Lakini alilitazama lile joho, akalipa shikamoo. Jumbe akaitikia marahaba kwa niaba ya joho.

"Mkuu, nasikia hapa mnagawa digrii."

"Hatugawi, mzee. Mtu anaandikishwa, anasoma, anapanda hadhi. Digrii ya kwanza unayo? Kanuni inataka uwe na ya kwanza ndipo uombe ya pili."

Ndalahwa akakuna kidevu. "Mimi niliishia darasa la pili."

"Ng'ombe je?"

"Wapo."

"Wengi?"

"Ng'ombe hawahesabiwi mbele ya mgeni."

Jumbe akalamba kidole, akapekua kurasa. "Hii hapa. Uzoefu! Mtu aliyelima na kufuga muda mrefu anahesabiwa kuwa na digrii ya kwanza ya uzoefu. Wewe unaingia moja kwa moja kwenye ya pili."

"Wabeja, wabeja sana," Ndalahwa akashukuru. Kisha akainama mbele. "Na Maige? Ameshakuja?"

"Siri za wanafunzi hazitolewi nje, mzee," alisema Jumbe. "Alikuja asubuhi."

Maige hakuwa amekuja. Alikuja alasiri, baada ya kusikia Ndalahwa amekuja, na nyuma yake wakafuata marafiki wa wote wawili. Ada ilikuwa dume moja la ng'ombe kwa kila mtu. Hapo Jumbe alipiga hesabu zake vizuri: mwambie mtu mzima atoe noti, atazishika mpaka zilowe jasho; mwambie atoe dume, ataashiria kwa fimbo tu. Salum mchinjaji alikubali kuyachukua madume yote siku ya Ijumaa, na kwa kuonyesha nia njema akatanguliza viatu vipya na tiketi ya meli. Jumamosi meli ingeng'oa nanga, na Chuo Kikuu cha Igogo kingeingia likizo ndefu.

Alhamisi akaja mwanamke kijana, mikono ina chaki. Hakuliamkia joho. Aliketi bila kukaribishwa.

"Limekukaa vizuri kuliko ambavyo zingekukaa suruali za yule Mzungu," alisema. "Nami nilikuwepo mnadani. Nilinunua birika."

Jumbe alianza kutabasamu lile tabasamu lake la kumtoa nyoka pangoni, halafu akaona halitafaa.

"Naitwa Wilhelmina. Nafundisha shule ya wasichana. Ndalahwa ni baba yangu. Nimepata nafasi ya kusomea stashahada ya ualimu, Kampala, chuo kikuu cha kweli. Wiki ijayo wanafunga kuandikisha, na asiyefika nafasi yake anapewa mwingine. Nilimpigia baba magoti. Akaniambia mwanamke akisoma sana anaharibika, na kwamba ng'ombe hawakuzaliwa kwa ajili ya mambo hayo." Akapangusa chaki mikononi. "Kesho anakuletea wewe dume."

Alisema bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililomchoma Jumbe. Alikuwa na moyo, ingawa asingependa ijulikane mjini. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, kwa muda wa kama kumeza mate.

"Unataka nini?"

"Kanuni moja tu." Akakisogeza kiti karibu na meza akamweleza. "Mwombaji wa digrii ya pili ambaye hana mtoto anayesoma nje ya Mwanza anaandikishwa kwa hadhi ya uangalizi. Mwenye naye, hadhi kamili. Mtoto wa Maige yuko Tabora."

Jumbe alicheka mpaka joho likatetemeka. "Mwalimu, wewe ulizaliwa kufanya kazi hii. Na polisi?"

"Mimi nitakuwa kwenye meli ya Jumamosi. Nitamwambia nani?" Akasimama. Mlangoni akageuka. "Halafu waambie waje na mashahidi. Watu wa kwetu hawaingii cheo bila mashahidi."

Jumbe aliona ni ushauri mzuri, mashahidi wa leo ndio wanafunzi wa kesho. Hakuuliza hao mashahidi kazi yao ni nini. Mtoto wa mjini haulizi mambo ya shamba, na mimi sina la kumsaidia.

Ijumaa asubuhi aliposimama barazani na joho lake, vumbi lilionekana kutoka mbali. Madume yalikuja, manene, yanang'aa. Nyuma ya madume walikuja wake na masufuria. Nyuma ya wake, vijana na kuni, kisha wazee na visu, kisha ngoma. Salum mchinjaji, aliyekuwa akingoja kwenye kona na kamba yake, alianza kukunja uso.

Jumbe alianza na kanuni. Aliposoma kwamba Maige anaingia kwa hadhi kamili na Ndalahwa anawekwa chini ya uangalizi, Ndalahwa alibadilika rangi.

"Maige? Awe juu yangu?"

"Kanuni ndiyo inayosema, mzee. Mimi ni mtumishi wake."

Ndalahwa aligeuka huku na huku mpaka macho yake yakamwangukia binti yake kati ya wale wanawake. Akafungua kibindo chenye fedha za pamba, akakimimina chote mikononi mwake mbele ya watu wote.

"Nenda Kampala! Kesho! Ukasome kweli, usije ukanitia aibu mbele ya Maige!"

Wilhelmina alipiga goti akasema, "Ahsante, baba." Hakucheka hata kidogo. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya ujanja. Alikuwa ameingoja siku ile tangu utoto, na imemjia kwa mlango wa ajabu.

"Basi," alisema Jumbe akipangusa paji la uso, "madume yapelekwe pale kwa Bwana Salum, ayatunze."

Ndalahwa akamtazama kwa huruma.

"Mkuu, wewe ni mtu wa mji, hujui. Kwetu mtu akiingia kwenye uzee, wale banamhala, wazee waliomtangulia, wanalila dume lake siku hiyohiyo. Lisipoliwa, nani atasema ameingia? Kesho Maige atakana."

"Nitakana," alithibitisha Maige. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana.

Jumbe alipekua kitabu kwa haraka. "Kanuni inasema ada ni mali ya chuo!"

"Sawasawa," alisema Ndalahwa. "Na chuo si ndio sisi? Umeshatuandikisha."

Visu vikaanza kazi. Igogo yote ikanukia nyama, na watu wakaja hata kutoka gatini. Salum alisimama na kamba yake mpaka akachoka, akaketi, akapewa maini. Jumbe naye, kwa kuwa mambo yameshaharibika, alinyoosha mkono kuchukua ubavu. Maige akausogeza mbali.

"Samahani, Mkuu. Wanaokula ni walioingia. Dume lako wewe lililiwa wapi?"

"London."

"Na nani?"

Hapo Wilhelmina akakichukua kile kitabu kwa adabu, akakifungua katikati, akasoma kwa sauti ya darasani: "Mkuu ambaye kuingia kwake hakujashuhudiwa yuko chini ya uangalizi. Haruhusiwi kuondoka bila ruhusa ya chuo. Akiondoka amejiondoa, na joho linabaki kwa wanafunzi."

Kitabuni hamkuwa na kitu kama hicho. Jumbe alifungua kinywa aseme hivyo, akakumbuka kwamba ingembidi aeleze pia kilichomo, akakifunga.

Jumamosi alijaribu hata hivyo. Alifika gatini na sanduku lake na tiketi yake, akakuta chuo kizima kimekuja kumsindikiza Wilhelmina. "Mkuu amekuja kumuaga mwanafunzi!" walishangilia, wakampokea sanduku ili asichoke. Pembeni alisimama Salum, kamba mkononi, na kando ya Salum askari, wakiviangalia vile viatu vipya.

Wilhelmina alikuwa tayari juu ya meli, amejifunika lile joho, ambalo chuo kilimvua Mkuu jana yake, kwa ajili ya baridi ya ziwani.

"Mwalimu!" Jumbe aliita kwa sauti ya chini, ameshika kamba za daraja. "Na mimi fungu langu?"

"Nilikulipa, Bwana Jumbe. Sikumwambia mtu." Meli ikapiga honi, naye akapaza sauti wote wasikie: "Na usisahau kujiandikisha kila muhula!"

Ndalahwa alimwonea huruma. Akamtuliza Salum kwa dume jingine kutoka zizini, na kwa kuwa dume halitolewi bure, Jumbe akaenda Buhongwa kuchunga mpaka alilipe, pamoja na jingine la kuingilia cheo yeye mwenyewe. Ndalahwa na Maige walipanda vyeo wote wawili, mwenyekiti na makamu. Nani angewapinga? Mji mzima ulikuwa umeila digrii yao.

Desemba ilipofika na mji ukaanza kupambwa, Jumbe alikuja uani na fimbo ya kuchungia mkononi, viatu vya Salum vimetoboka vidole.

"Shikamoo, mzee. Naomba ruhusa nikatazame bendera ikipandishwa. Siku moja tu."

"Marahaba," alijibu Ndalahwa. Akakitoa kile kitabu, alichoachiwa na binti yake, kwenye mfuko wa kanzu, akalamba kidole, akapekua kurasa ambazo hakuweza kuzisoma. "Ruhusa ya kupumzika ipo, Mkuu. Ada yake umekuja nayo?"