Tarakimu Sita Zilizoko kwa Shemeji

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Ulinzi wa Majumbani.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUTAFUTIWA NJIA NYINGINE YA KUINGIA NYUMBANI KWANGU

Nakusalimu kwanza, maana hasira isivunje adabu. Mimi ni fundi wa vitasa na makufuli. Huu ni mwaka wa thelathini na mbili nawafungulia milango watu waliopoteza funguo, wakiwemo wafanyakazi wawili wa ofisi yako, ambao sitawataja. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wangu mwenyewe, mkoba wa zana magotini, nikimsubiri mke wangu apokee simu ili niingie ndani. Cheka kwanza, nitasubiri.

Mfumo wenu, yaani king'ora, kamera ya mlangoni na kitasa cha umeme, aliuagiza mama watoto miezi miwili iliyopita. Hakuniuliza. Wiki ile kitasa cha bafu, alichokuwa ameniomba nikitengeneze kwa miezi kumi na mmoja, kilimfungia ndani tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, mimi nikiwa mtaa wa pili namfungulia mteja kabati la vyombo. Niliporudi nikamtania kwamba mganga hajigangi. Utani haukupokelewa. Jumatatu mafundi wenu wakaja, Jumatano yeye akahamia kwa dada yake. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye akaunti ni yake. Kwa hiyo simu iko kwa shemeji, na mimi niko kwenye ngazi.

Malalamiko na maombi yangu ni haya:

1. Nikishaandika neno la siri, mfumo bado hauniamini. Unatuma tarakimu sita kwa meseji, tena kwa simu moja tu, ya mama watoto. Hakuna programu ya kutoa namba, hakuna barua pepe, hakuna hata namba za akiba za kuandika kwenye karatasi. Dada wa laini ya wateja alinieleza kwa upole kwamba njia ni hiyo hiyo. Nikauliza kama naweza kubadilisha namba ya simu. Akasema naweza kabisa, nithibitishe tu kwa tarakimu sita zitakazotumwa kwenye namba ya zamani.

2. Tarakimu zenyewe hufa baada ya dakika mbili. Ndugu Meneja, umeoa? Mama watoto hajawahi kumaliza salamu kwa dakika mbili. Huanza na nimekula nini, huja kwenye shati nililovaa (analiona kwenye kamera yenu), huuliza kama nimemeza dawa ya presha, na akifika tarakimu ya nne muda umekwisha. Tunaomba nyingine. Juzi tuliomba mara tano. Tulizungumza dakika arobaini, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya tulipokuwa tukilala chumba kimoja.

3. Nilipendekeza alama ya kidole. Nakiri kwamba vidole vyangu vimesuguliwa na tupa miaka yote hii mpaka havina alama. Basi tumieni sura. Sura yangu mnayo, kamera inaitazama kila nirudipo kazini nikibembeleza simu.

4. Ikishindikana, nipeni maswali ya siri, ila yawe ya haki. Dada wa laini aliniuliza tarehe ya ndoa yangu, nikakosea, na simu ilikuwa inarekodiwa kwa ajili ya ubora wa huduma. Nilipomsimulia mama watoto alinitajia tarehe taratibu, siku, mwezi, mwaka, kama mtu anayempa fundi vipimo. Iliniuma, sikufichi.

5. Kama hata hilo haliwezekani, fundi cherehani wa nyumba ya jirani anithibitishe. Kikohozi changu anakijua tangu nikiwa kwenye kona. Mpeni kitufe. Akisikia kikohozi, abonyeze. Akiwa na shaka, nitakohoa tena, na hiyo ndiyo itakuwa hatua ya pili ya uthibitisho.

6. Kamera yenu inatazama mlango wa mbele peke yake. Naomba nyingine ielekezwe kwenye mlango wa bafu, kwa nje, usinielewe vibaya. Pana kitasa kipya pale, cha shaba, nilichokifunga kwa mikono yangu. Nimejifungia ndani mara sitini kukijaribu na mara zote sitini nimetoka. Nimemwambia kwenye simu, lakini anasema kazi ya fundi husifiwa na mteja, wala si na mdomo wa fundi. Kampuni ya ulinzi isiyoweza kumwonyesha mama mwenye nyumba kitasa cha bafu lake inalinda nini hasa?

Msipochukua hatua ndani ya siku kumi na nne nitawafikisha mbele ya Chama cha Mafundi Vitasa wa mtaa huu, ambacho mimi ni mwenyekiti, katibu na, kwa sasa, wanachama.

Nisalimie dada wa laini ya wateja, na yule anayeimba mtu akiwekwa kusubiri. Wimbo wake nimeshaushika wote. Wasalimie pia mafundi wawili waliofunga kitasa. Waambie skrubu ya chini, kushoto, wameikaza kombo.

Wako mtiifu, niliye nje,

Fundi Vitasa

N.B. Kuhusu hiyo skrubu. Ukiilegeza nusu mzunguko kitasa chenu hufunguka na king'ora hakisemi neno. Nilipima siku ya pili tu: sekunde arobaini, pamoja na kufuta miwani. Sijaitumia tena tangu siku hiyo. Nikiingia kwa skrubu sina sababu ya kumpigia, na yeye hana sababu ya kupokea. Kwa hiyo nakuomba uyakatae maombi yangu, la kwanza hadi la tano, lakini kwa barua, tena ndefu, nipate cha kumsomea. La sita likatae leo leo. Akikiona kitasa kwenye kamera, hatakuwa na haja ya kuja kukiona.