Injinia wa Akaunti Moja

Sukari aliingia katika ofisi ile kutafuta chumba cha kupanga, na hata kabla hajakalishwa kitini akaona riziki imezagaa sakafuni. Alihitaji riziki upesi. Asubuhi hiyo shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa amemweleza, kwa ule upole unaotisha, kwamba sebule si bweni, na kwamba kochi analolalia linapelekwa kwa fundi mwisho wa mwezi.

Ilikuwa ofisi ya madalali wa nyumba, yenye kompyuta kumi na mbili. Karani mmoja alikuwa akikimbia kutoka meza hadi meza, flashi mkononi, kwapa zimelowa. Alikuwa akiweka programu mpya ya kutunza orodha ya nyumba na wapangaji, na kila kompyuta ilikuwa na kisirani chake. Moja inagoma katikati, nyingine inadai kuzimwa na kuwashwa, na ile iliyokubali haizioni nyumba zilizoandikwa kwenye meza ya jirani.

"Umeanza lini, kaka?" Sukari akamuuliza.

"Usiniulize. Nikimaliza ya mwisho wanatoa toleo jipya, narudi kuanza ya kwanza."

Ni vizuri tuseme ukweli hapa, maana mwenyewe hatausema. Sukari, aliyepewa jina hilo mtaani kwa sababu ya mdomo wake, hakusomea kompyuta popote. Aliwahi tu kufanya kazi katika duka la fotokopi mpaka alipofukuzwa, na huko alimwona mwenye duka akifanya jambo moja la maana: programu unaiweka kwenye kompyuta moja tu, zilizobaki zote unazipa alama ndogo ya kubofya inayoifungua kupitia waya. Likija toleo jipya, unabadilisha kwenye ile moja, basi. Ni kazi ya asubuhi moja, chai ikiwemo.

Sukari akaweka kiganja juu ya kompyuta iliyokuwa karibu, kama mzazi anayepima homa, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mnaziua," akasema.

Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mkuu wa ofisi, mzee mnene mwenye macho ya usingizi. Wafanyakazi walimwita Mzee Hewala, kwa kuwa hakuwa na jibu jingine.

"Nani anaua?" akauliza.

"Shikamoo mzee. Mimi ni injinia wa mitandao. Nipe wiki moja tu, kompyuta hizi zote zitafanya kazi kama moja. Lakini ni kazi ya hatari."

"Hewala. Na malipo?"

"Pesa sitaki. Nipe nyumba. Vyumba viwili, jiko, na mlango wangu mwenyewe."

Sauti yake ilitetemeka kidogo alipoutaja mlango, na hilo ndilo neno pekee la kweli alilosema siku hiyo. Miaka yote aliyoishi mjini hakuwahi kufunga mlango nyuma yake na kusema hapa ni kwangu.

"Ipo," akasema Mzee Hewala. "Ina geti la bluu, rangi haijakauka. Maliza kazi uchukue ufunguo, mwanangu."

Kazi ikaisha siku ya kwanza kabla ya saa sita. Siku zilizobaki zilikuwa maigizo. Sukari alivaa koti jeupe, akawavua viatu wafanyakazi wote eti nyayo zao zinavuta umeme, akapiga marufuku kupiga chafya karibu na waya. Alijilaza chini ya meza, akagonga ukuta, akausikiliza. Karani wa flashi alikuwa akimpelekea chai huko huko chini, tena kwa heshima zote.

Lilibaki jambo moja la kuudhi. Programu ilitaka kila mfanyakazi afunguliwe akaunti yake, yenye jina lake na neno lake la siri, ili ijulikane nani kaandika nini. Kuandika watu wote wale ilikuwa shughuli, na Sukari na shughuli hawakuwa wakisalimiana. Akafungua akaunti moja, ya kwake, akaiingiza kwenye kompyuta zote.

Dada wa mapokezi akachungulia. "Injinia, kwa hiyo nikitoa risiti mimi, itasema umetoa wewe?"

"Dada yangu, tunarahisisha au tunatatiza?"

Mzee Hewala alikuwa amesimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza wiki ile macho yake yalifunguka yote mawili.

"Mwache Injinia," akasema. "Tena mimi naona haitoshi. Kazi nzuri hivi ijifiche? Weka na picha yako, mwanangu, na namba ya simu. Kila risiti na kila mkataba utoke na uso wako, mji mzima ukujue."

Mtu mwenye akili timamu angetafuta njia ya kutokea. Sukari alitafuta kitana.

Wiki iliyofuata simu yake ikaanza kulia.

"Samahani," akasema mama mmoja, "wewe ndiye Injinia wa kwenye mkataba? Nahakikisha tu kabla sijalipa. Ni kweli unahusika pale?"

"Kuhusika tu, mama? Pale bila mimi hakuna kinachokwenda!"

Wakapiga wengine, kila mmoja na swali lile lile, naye akawajibu wote kwa sauti nzito zaidi ya mara iliyopita, huku akimkonyeza dada yake kwamba wateja ndio hao wanakuja.

Jumamosi akaenda kuhamia, ufunguo aliopewa na Mzee Hewala ukiwa mfukoni. Mkokoteni ulibeba godoro, ndoo na sufuria mbili, na dada yake alikuja kumsindikiza, akifuta machozi ya furaha; shemeji ya kwake alikuwa ameyafuta tangu jana. Geti la bluu walilikuta. Uani walikuta pia makabati, majiko, vitanda vilivyofunguliwa, na familia nyingi zinazogombana.

"Nyumba ni yangu, ufunguo huu hapa!"

"Na wangu je?"

Kila aliyejaribu ufunguo wake, mlango ulifunguka. Katika hilo Mzee Hewala alikuwa mwaminifu.

Sukari akapanda juu ya mkokoteni. "Jamani, tulieni! Hili ni kosa dogo la ofisini. Twendeni tukalisawazishe."

"Ofisi gani?" akasema kijana mmoja. "Nimetoka huko. Kompyuta hazipo, meza hazipo, balbu hazipo."

Baba mmoja alikuwa akiangalia risiti yake, kisha akamwangalia Sukari, kisha risiti tena.

"Ndugu, samahani. Hebu tabasamu kidogo."

Sukari hakutabasamu, lakini haikusaidia.

"Mimi niliweka programu tu!" akapiga kelele. "Nawaapia, hata waliolipa siwajui!"

Ulikuwa ukweli mtupu, na hakuwa na uzoefu wa kuusema. Yule mama wa simu akapasua kundi la watu.

"Sauti ndiyo hii! Si uliniambia bila wewe hakuna kinachokwenda?"

Dada yake alichukua risiti mkononi mwa baba yule, akaitazama picha.

"Umependeza," akasema kwa uchungu. "Na hilo shati ni la mume wangu."

Walikubaliana bila kura. Kijana akatumwa polisi, na mpaka atakaporudi, Sukari awekwe ndani. Wakampokonya ufunguo uwe ushahidi, dada yake akampitishia godoro dirishani, mlango ukafungwa kutoka nje.

Akabaki amesimama katikati ya sakafu safi. Vyumba vilikuwa viwili, jiko lilikuwepo, rangi ilinukia vizuri kabisa. Nyumba ilikuwa yake peke yake, na watu wote pale uani walikuwa na ufunguo wake isipokuwa yeye.