Yah: Kupinga Marufuku ya Gobole Langu Linalojifyatua

Mkonze, Dodoma.
12 Agosti, 1996

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,

Salaam nyingi, na pole kwa majukumu. Mimi ni yule karani aliyepunguzwa kazini mwaka juzi, mwenye nyumba iliyozungukwa na shamba la zabibu. Naandika nikiwa nimesimama; sababu utaiona mbele. Kwa heshima zote napinga uamuzi wa mkutano wa jana wa kulipiga marufuku gobole langu, nililolifunga kamba kati ya mizabibu ili lijifyatue lenyewe mwizi akipita.

1. Tunahimizwa kupunguza gharama. Serikali ilinipunguza mimi, nami nikampunguza mlinzi wangu, Wambura. Alikuwa na kasoro. Siku moja alimkamata mwizi na kikapu cha zabibu zangu, akamwachia. Nilipomuuliza akajibu, "Nilimtazama usoni, mzee, nikaona ni njaa tu." Gobole halina tabia hiyo ya kutazama watu usoni.

2. Ni kweli Jumatano lilimfyatukia jirani yetu Batuli, aliyekatiza shambani kumfuata mbuzi wake. Gololi zilitoboa ndoo aliyoishika. Mguu ulipona kwa upana wa kiganja. Lakini mimi sikumpiga. Nilikuwa mjini nanunua sukari. Jana mbele ya watu wote aliniuliza, "Ningekufa, wanangu wangemdai nani? Kamba?" Mkutano mzima ukanigeukia. Nikajibu kwamba swali hilo ni la kitaalamu. Hata sasa sijampata mtaalamu.

3. Mmesema halibagui. Hiyo ndiyo sifa yake! Nililishindilia baruti upya, na Alhamisi nikampeleka mnunuzi akaone mavuno. Nikajikwaa kwenye kamba yangu mwenyewe. Mganga wa zahanati alinitoa gololi nne sehemu ninayokalia, huku akiuma midomo asicheke. Mnunuzi alikimbia na hajarudi. Nakuuliza: ni mlinzi gani mwenye akili timamu angempiga bosi wake? Mimi nimekaa ofisini miaka kumi na tisa, sijapata kuona mtumishi asiye na upendeleo kiasi hicho.

4. Kwa hiyo, badala ya marufuku, naomba kijiji kiwapumzishe walinzi wote wa sungusungu, na kila njia ifungwe gobole. Moja liwekwe mlangoni pa ofisi yako. Likimpata asiyehusika, hatakuwepo wa kulaumiwa, na vikao vyetu vitakuwa vifupi. Mazishi ndiyo yataongezeka kidogo.

Nisalimie mama na watoto, wajumbe wote wa halmashauri ya kijiji, na Batuli, ambaye siku hizi haitikii hodi yangu.

Ni mimi, mwananchi mtiifu kwa kila uamuzi isipokuwa huu,
Anyitike Mwaisaka

N.B. Nilipomaliza kuandika, mke wangu Yasinta aliniuliza, "Na lile gobole la pili ulilifunga wapi?" Sikumbuki. Tumesimama wawili mlangoni, hakuna anayethubutu kushuka kibarazani. Barua hii nairusha kwa jiwe hadi barabarani. Naomba marufuku ianze leo hii. Na mkija, tafadhali pigeni hodi mkiwa mbali.