Mashine Yangu na Mkono wa Method

Jumatatu, 14 Julai 1969
Bila mimi, Gideoni Mbwambo, Mhezi nzima ingekuwa bado inatwanga. Reli ilipopitishwa Same nilikuwa sijazaliwa, ndiyo maana imepinda. Mashine ya kusaga niliipandisha huku mlimani kwa kichwa changu. Walioibeba ni wengine, lakini kichwa kilichofikiri ni changu. Injini naijua kuliko aliyeiunda.

Leo nasumbuliwa na mkono wa mtu! Method, Mngoni aliyetoka mashamba ya mkonge, ndiye anayeniendeshea mashine. Ijumaa mkanda ulimvuta, mkono ukavunjika. Akalia mpaka Zebedayo mwenye duka akasikia. Zebedayo huyo, mdomo kama mlango wa kanisa, akapeleka maneno Same kwa Bwana Kazi, afisa wa serikali anayesimamia haki za wafanyakazi.

Mke wangu Raheli anasema sheria inamtaka tajiri amtibu mfanyakazi aliyeumia kazini na amlipe akiwa kitandani. Nikamuuliza hiyo sheria kaiokota wapi. Akasema redioni. Nimetoa betri.

Jumanne, 15 Julai
Bwana Kazi amefika. Kijana mdogo, suruali ina mstari wa pasi mpaka kiunoni. Aliniamkia shikamoo, nikajua huyu mwepesi.

Nikamwambia mimi sina mfanyakazi. Method ni mpwa wangu, anamsaidia mjomba wake. Kumbe Bwana Kazi ni mtoto wa Chome hapo jirani! Akamgeukia Method, akamsalimu kwa Chasu, lugha yetu Wapare. Method akatazama paa. Nikasema kijana alikaa sana pwani. Bwana Kazi akauliza mpwa huyu kazaliwa na dada yangu yupi. Dada zangu wote wawili walikuwa pale pale kwenye foleni na mahindi yao. Wote wawili wakasema si wao. Wakacheka mpaka mmoja akakalia debe la mwenzake.

Hasira zikanipanda, na akili nayo ikapanda. Nikasema basi, ukweli ni kwamba hapa hakuna ajira, ni msaragambo. Kila mtu anajitolea, kama kwenye mifereji na barabara. Au Bwana Kazi anapinga ujamaa? Akafunga mkoba wake taratibu. Akasema vizuri sana mzee, keshokutwa atakuja kuuona huo msaragambo.

Nimemweza.

Alhamisi, 17 Julai
Wasaliti watupu!

Nilimwomba Filipo, balozi wa nyumba kumi, apige pembe ya kuitia msaragambo alfajiri ili Bwana Kazi aone mambo ya kweli. Watu wakaja na majembe wakidhani mfereji umebomoka. Nikawaambia leo tunasaga. Hapo Filipo, mbele ya Bwana Kazi, akauliza ni lini pembe iliwahi kupigwa kwa mali ya mtu mmoja. Barabara ni yetu, mfereji ni wetu. Kama mashine nayo imepigiwa pembe, basi mzee Gideoni ameitoa kwa kijiji.

Vigelegele! Bibi Asnath akanishika mikono, akaniita baba wa wote. Zebedayo alipiga makofi kuliko watu wote, nyoka yule. Method, mkono umefungwa vijiti, akawaelekeza vijana namna ya kuwasha.

Ningesemaje? Nilipunga mkono.

Jumamosi, 19 Julai
Zebedayo amesaga muhogo wa mbuzi wake. Kwenye mashine yangu! Raheli amechaguliwa kwenye kamati ya mashine. Hasemi na mimi isipokuwa kama kamati.

Nimeshuka Same kwa miguu kumwambia Bwana Kazi nimeibiwa. Akasema njia ni moja tu. Nikiri mbele ya watu wale wale kwamba Method ni mfanyakazi wangu, nimpeleke hospitali, nimlipe mpaka apone, na mkanda niuwekee kizuizi. Nikikiri, mashine ni mali yangu. Nikiendelea na msaragambo wangu, ni ya kijiji.

Serikali gani hii! Mtu ubebe mzigo ndipo urudishiwe kilicho chako.

Jumatatu, 21 Julai
Nimekiri. Filipo alipiga pembe tena, makusudi kabisa. Zebedayo akaniomba nirudie, eti nyuma hawakusikia. Nikarudia. Method alinitazama, akasema asante tajiri, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Ameshuka hospitali.

Mashine ni yangu. Ila imenyamaza, na foleni imefika kwa Zebedayo, anayewauzia chai.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa. Koileken, mfugaji wa tambarare, amepanda leo na punda wake wamebeba mahindi. Mikono minene kama nguzo. Nimemkaribisha kama mgeni wangu, na nimemweleza kwamba kwetu mgeni wa heshima hupewa mpini wa kuwashia mashine auzungushe. Mgeni hajaajiriwa. Mgeni hayumo kwenye sheria yoyote. Kizuizi cha mkanda kitangoja, kwani mgeni ataumia vipi?

Raheli ameuliza kwa nini nisiwashe mwenyewe, fundi mkubwa kama mimi. Nimemjibu mgongo unauma.

Mgongo hauumi. Ule mpini sijawahi kuugusa tangu ninunue mashine. Ikianza tu kunguruma, mimi huwa niko nyuma ya nyumba, nimeziba masikio.