Mrashi wa Bibi na Pua Yangu

Jumatatu, 3 Mei 1971
Nimechaguliwa! Mimi, Safia, nisiyeweza hata kuitika jina darasani bila kuinama! Ijumaa alasiri nitasoma kasida kwenye maulidi ya wanawake hapa kwetu Kondele. Tatizo ni pua. Vumbi, chafya. Wadudu wa ziwa, chafya. Udi wa Bibi, usiseme. Binamu yangu Zuleha akanipoza: ati nikishindwa, yeye amehifadhi yote, atakaa karibu. Karibu! Hata fisi hukaa karibu.

Jumanne, 4 Mei
Nabalayo wa dawati langu anasema mama yake humpulizia puani maji ya chumvi chafya zikimshika. Yaliyochemshwa, yakapoa. Basi, hakuna kingine. Nikaona chumvi tupu ni dawa ya watu wasio na maulidi. Nikaongeza majani ya mkaratusi, tangawizi na pilipili manga. Kifaa? Mrashi wa Bibi, ile chupa ya shaba yenye shingo ndefu na vitundu, ya kunyunyizia wageni marashi. Nikajinyunyizia puani. Mama yangu wee! Machozi mpaka shingoni. Lakini chafya kwisha!

Alhamisi, 6 Mei
Bibi amefukiza udi. Mimi kimya! Zuleha ananitazama kama mtu aliyeibiwa kuku. Mrashi nimeurudisha kabatini, dawa ikiwa bado ndani. Kesho nitajinyunyizia tena, halafu dawa nitaimwaga.

Ijumaa, 7 Mei
Nilijinyunyizia. Dawa sikuimwaga.
Bibi akaushika mrashi, akaona mzito, akafurahi kwamba marashi yapo tele. Akampa Zuleha azungushe. Zuleha naye, kwa maringo! Kila mgeni akakinga viganja, akanyunyiziwa, akajipaka usoni kama desturi. Nikaanza kusoma. Mama mmoja akapiga chafya. Kisha mkeka mzima. Wengine wakauliza nani kafa, jinsi macho yalivyowatoka machozi. Nikasoma beti zote bila kukosea. Hakuna aliyesikia hata moja. Pua yangu peke yake ndiyo iliyokuwa na adabu.

Jumamosi, 8 Mei
Bibi amemgombeza Zuleha, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika mrashi. Nilitaka kusema. Nikafungua mdomo, aibu ikaufunga. Bibi anasema nitasoma tena Ijumaa ijayo, na mrashi ameufungia, ufunguo kaufunga kwenye pindo la leso.
Nimefikiri sana. Kosa limeonekana: tangawizi ilikuwa kidogo. Na birika la kahawa lina mdomo mwembamba kweli! Haliguswi mpaka wageni wafike.