Pete ya Engenieri Ngongo

Vita vilipokaribia Uvira, watu wenye akili walitafuta njia ya kuvukia Burundi. Ngongo, ambaye akili zake zilikuwa za aina nyingine, alitafuta kwanza mtu wa kumgharimia safari. Alimpata katika kijiji cha Luberizi: Mama Capitoline, mjane mwenye kinu cha mpunga, akiwafokea wafanyakazi wake wanne kwamba wanakula sana.

"Mama, mashine zako haziongei," Ngongo alisema kwa huruma. "Minye niko engenieri wa rezo, ule mutandao wa kuunganisha mashine. Nikizishikanisha, zitaambiana kazi zenyewe. Hawa bantu bane unabafukuza tu."

Macho ya Mama yaling'aa. Kufukuza watu alikupenda kuliko misa.

"Utazishikanisha namna gani?"

"Iko namna tatu. Mustari: waya ikikatika katikati, mashine za nyuma zinakufa. Nyota: zote zinategemea bwate moja, kasanduku ka katikati. Bombe ikianguka pale, yote imekwisha. Na pete: waya inazunguka mpaka pale ilianzia. Ikikatika huku, habari inapitia kule."

"Na hii vita? Weka pete."

Tumpe Ngongo haki yake: kuhusu pete alisema kweli tupu. Uongo ulikuwa kwenye waya. Ilikuwa kamba ya kufungia ng'ombe, aliyoiloweka kwenye oili chafu mpaka ikawa nyeusi, akaipitisha ndani ya mabomba ya plastiki kutoka mashine hadi mashine. Wafanyakazi aliwaambia waendelee kuwasha na kuzima kwa mikono, maana mashine hujifunza kwanza mwezi mzima. Ujira wake ulikuwa pikipiki ya marehemu mume wa Mama, ya kumfikisha mpakani Kavimvira siku hiyohiyo.

Alikuwa ameshaipanda wakati gari la kijeshi lilipoingia. Komanda wa jeshi lililoshika tambarare ya Luberizi wiki ile alikuja kuchukua mchele, bure kama kawaida.

"Ngojea, engenieri," Mama akasema. "Nataka kuona pete."

Akanyanyua panga, akakata bomba na kilichokuwa ndani. 

Mashine zote ziliendelea kunguruma. Kwa nini zisiendelee? Hazikuwahi kuijua ile kamba.

Mama akapiga vigelegele. Komanda akavua miwani yake.

"Weye unakata, na inaendelea? Kule mbele bombe inakata waya zangu za simu kila siku. Ingia mu gari."

"Afande, hii ni kamba!" Ngongo akapiga magoti. "Kamba ya ng'ombe! Minye niko mwizi, uliza mutaa yote ya Mulongwe! Nusa, afande!"

Komanda akanusa. "Oili," akasema kwa heshima. "Njo maana haiozi. Engenieri bote banaficha siri yabo."

Nyuma yao Mama Capitoline alikuwa tayari anawafukuza wafanyakazi, mmoja mmoja, kwa raha zake. Gari likashika barabara ya kaskazini, mizinga ilikokuwa inalia, Ngongo akiwa amebanwa kati ya askari wawili, machozi yanamtoka.

"Usiogope," komanda akamwambia. "Utalala palepale kwa waya. Ikikatika, utatuonyesha namna inaendelea."