Neno Moja la Kifaransa Wiki Nzima

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa Kifaransa kahama! Nafasi yake inakuja na ukuu wa idara: chumba chenye kufuli, feni na kiti cha kuzunguka. Mimi wa michezo, miaka kumi na moja nakalia benchi la mlangoni na wavu wa mipira. Nikamwambia Mwalimu Mkuu Kifaransa kwangu ni kama kunywa maji. Akasema mkaguzi anakuja Ijumaa. Akiridhika, chumba changu. Asiporidhika, narudi kwenye filimbi mpaka nistaafu. Mwalimu wa jiografia, aliyekisoma Kifaransa kweli, akaangua kicheko. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua kitabu. Vitenzi vyao havina idadi! Nimechagua kimoja: finissons, yaani tunamaliza. Silabi tatu, fi-nis-sons. Zile s pacha zinatengana, moja huku, moja kule. Darasa limepiga makofi, kisha limeruka, mruko mmoja kila silabi. Dakika themanini! Kiranja, binti mwenye maswali mengi kuliko polisi, akauliza kesho tunasoma nini. Nikamjibu hilohilo, ila kwa undani.

Jumatano, 5 Machi

Undani: shina ni fin, katikati iss, mwishoni ons. Hiyo ons ndiyo "sisi" yenyewe. Wenzetu wanajiweka mkiani. Watu wa ajabu. Nimewagawia wanafunzi herufi, wajipange uwanjani. Kasheshe: aliyeshika n ya kwanza yuko na shina, lakini kwenye silabi anahamia kundi la kati. Kakimbia huku na huku hadi kachoka hoi. Mwalimu wa jiografia alipita akauliza kama ni mbio za kupokezana. Nikampulizia filimbi. Mkuu wa idara hajibizani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepima dirisha la ofisi, nikamwomba mke wangu ashone mapazia. Akauliza je, mkaguzi akitaka kitenzi cha pili? Nikamwambia aache nuksi.

Ijumaa, 7 Machi

Makofi, miruko, herufi: raha tupu! Kisha mkaguzi akataka kitenzi cha pili. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Mwalimu wa jiografia yuko mlangoni, kaja kunizika. Nikakohoa, nikaendelea kukohoa. Kiranja akainuka, akaandika choisissons, tunachagua. Akakata choi-sis-sons, akaonyesha shina, kati na mkia bila kubabaika. Kumbe alichoshwa na neno langu, kila mchana akawa anasomeshwa na mwalimu wa jiografia! Mkaguzi akanipa mkono, akasifu mbinu yangu. Ushindi!

Jumatatu, 10 Machi

Chumba changu. Nimezunguka na kiti mpaka nikasikia kichefuchefu. Barua ya mkaguzi imefika: niendeshe semina ya siku mbili kwa walimu wote wa Kifaransa, tena kwa Kifaransa. Mke wangu anasihi niombe msaada kwa mwalimu wa jiografia. Msaada wa nini? Hesabu ni nyepesi. Wiki nzima nimeimaliza kwa neno moja. Siku mbili, nusu neno linatosha.